Majivu Meupe

Mimi hasira zangu zinajulikana kuanzia Kibaoni mpaka kivukoni, na sijawahi kuzificha. Kwa hiyo Theodosia, mwenzangu wa kuchoma majivu, alipokuja mbio kuniletea habari, hakuingia ndani ya ua. Alisimama pale pale kwenye lango la matete, mkono mmoja umeshika mti, mguu mmoja uko nje, akanipigia kelele kutoka huko.

"Mama Kandida, tangi la zahanati limepasuka! Viktor wamemfungia stoo ya ofisi ya kata!"

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema ameuza chokaa ya mradi huko Mlimba. Wanasema ukuta aliujenga kwa majivu matupu."

"Nani anasema?"

"Bwana Fulgence."

Nilikuwa na chekeche mkononi. Lilipoangukia sijui mpaka leo, ila kuku mmoja alichechemea wiki nzima.

Naitwa Klementina, lakini wengi wananiita Mama Kandida kwa jina la binti yangu. Mama yetu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na ufundi huo aliniachia mimi. Viktor ni kitinda mimba wetu. Alizaliwa mimi nikiwa tayari nimeolewa, mama akafariki yeye hajaota hata meno, nikamlea pamoja na Kandida, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile. Akakua, akawa fundi mwashi. Ni mtu mpole mpaka anaudhi. Ukimtukana anasubiri umalize, halafu anakuuliza kama umekula. Huyo ndiye waliyemwita mwizi.

Mradi wenyewe ulianza mwaka tisini na tano. Kwetu Ifakara pumba za mpunga si kitu. Ziko milima kwa milima nyuma ya mashine za kukoboa, zinafuka moshi mwaka mzima na hakuna anayeziomba. Wakaja watu wa mradi wakasema simenti ni taabu kuipata, na zahanati zinahitaji matangi ya maji ya mvua, basi chomeni pumba, chukueni majivu yake, changanyeni na chokaa, yatashika hata ndani ya maji. Tukacheka. Wakaleta mtaalamu, dada mmoja kutoka Dar es Salaam, akatufundisha wanawake sita kwa siku mbili. Akatuonyesha tenga kubwa la wavu wa chuma. Jazeni pumba, akasema, washeni kwa juu, kaeni mbali. Msichochee, msipepee, moto uende wenyewe polepole siku moja na nusu. Kwa nini iwe hivyo, labda alisema. Sisi tulikuwa tunaangalia viatu vyake.

Basi siku hiyo ya Jumatatu nilipanda baiskeli, Theodosia nyuma kwenye keria, tukakanyaga mpaka Idete na kupita, kwa sababu zahanati iko kitongoji cha mbele. Tangi lilikuwa limefunguka ubavu mzima. Maji yalikuwa yameingia wodi ya wazazi, magodoro yameanikwa juani, na mjamzito mmoja amekaa juu ya meza anasonya. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Nikaingiza kidole kati ya tofali na tofali. Kikazama chote. Ule mchanganyiko uliokaa ukutani miezi minne ulikuwa laini kama uji wa jana.

Bwana Fulgence, msimamizi wa mradi, alikuwa pale na faili lake kwapani. Ni mtu wa suruali yenye mkunjo wa pasi hata kwenye tope.

"Pole, Mama Kandida," akasema. "Mdogo wako ametuangusha."

"Lililoanguka ni tangi. Viktor umemwona wapi ameanguka?"

"Chokaa ingekuwemo, ukuta ungeshika. Ni jambo jepesi kulielewa. Ijumaa kuna mkutano wa kata. Akikiri, tutaona. Asipokiri, gari la mradi litampeleka mahakamani Ifakara jioni hiyo hiyo."

"Mwongo mkubwa wee! Chokaa umeleta wewe mwenyewe. Nani anajua ulileta chokaa au unga wa muhogo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alifungua faili akaandika kitu. Nikamwambia aandike vizuri, na jina langu alipatie.

Kwenye stoo kulikuwa na kidirisha kidogo juu, kimewekwa wavu. Mgambo alinipa dakika tano. Nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamwona Viktor amekaa kwenye magunia, nywele zimejaa vumbi.

"Dada, sijauza hata kijiko."

"Najua."

"Kopo moja la chokaa kwa mawili ya majivu, kama walivyoelekeza. Kila nilipochanganya nilihesabu. Lakini dada, nilikuambia kuhusu yale majivu..."

"Nyamaza! Usiseme kitu hapa, wanasikiliza. Huyu mtu nitamnyoosha mpaka aombe maji."

"Dada, hebu nisikilize."

"Nimesema nyamaza, Viktor!"

Akaniuliza kama nimekula.

Niliondoka na bonge la mchanganyiko wa ule ukuta, nimelifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba chokaa ya Fulgence ilikuwa mbovu, na kwamba kinachotakiwa ni mtu wa kuipima. Mtu pekee niliyejua ana vyombo vya kupimia vitu ni Mwalimu Ngusa, mwalimu wa kemia wa sekondari. Sasa mimi na Mwalimu Ngusa tulikuwa hatuongei. Yeye ni Msukuma, na ndugu zake walikuwa wameanza kuingia bondeni na ng'ombe. Mwaka uliotangulia ng'ombe hao walikanyaga shimo letu la udongo wa vyungu mpaka likawa tope. Nilikwenda hadi mlangoni kwake nikamtukana yeye, ng'ombe, na kijiji alichozaliwa. Kumbe hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na sikurudi kumwomba radhi.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni kwake tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una kitu cha kupimia chokaa?"

Akaangalia bonge langu, akaniangalia na mimi. "Leo ng'ombe hawamo?"

"Ng'ombe tutawarudia. Mdogo wangu amefungwa."

Hakuuliza zaidi. Alinipeleka maabara, akasaga kipande cha lile bonge, akakipima kwenye mizani ndogo, akakimwagia asidi. Kikatoa povu na kuchemka bila moto. Akanieleza kwamba kinachochemka ni chokaa, kwamba itayeyuka yote na kubaki mchanga na majivu, na kwamba akikausha hayo yaliyobaki na kuyapima atajua chokaa iliyowekwa ilikuwa kiasi gani. Akaniambia nirudi kesho yake. Usingizi wa siku hiyo siusemi.

"Chokaa imo," aliniambia Jumatano. "Imetimia. Fundi wako hakupunguza kitu."

Nilipiga kigelegele mle mle maabara mpaka wanafunzi wakachungulia madirishani. "Andika! Nipe karatasi! Fulgence leo atanitambua!"

"Mama, kaa kwanza."

"Nikae nini?"

"Chokaa imo, ni nzuri, na bado haikushika. Ilipaswa kuungana na majivu iwe kitu kimoja. Mimi nimeitoa yote peke yake, na majivu yamebaki kama yalivyoingia. Hayakuigusa kabisa. Haya majivu yalikuwa yamekufa kabla hayajafika ukutani. Alichoma nani?"

Damu ikanipanda mpaka masikioni. "Nilichoma mimi! Na bonde zima hili huwezi kupata majivu safi kama yale. Meupe, mwalimu! Meupe kama sembe, na wekundu kwa mbali!"

"Meupe," akasema polepole. "Na wekundu kwa mbali."

"Ndiyo!"

"Hayo mliyachoma kwenye tenga?"



Majivu ya kwenye tenga yalikuwa yanatoka meusi, yakijitahidi sana yanakuwa ya kijivu. Bwana Fulgence alikuja siku moja uani kwangu, akafungua gunia, akakunja uso. "Mama Kandida, hii ni zahanati, si jiko la pombe. Haya ni masizi. Mimi nataka majivu meupe." Alisema hivyo, Theodosia shahidi. Lakini nikisema alinilazimisha nitakuwa mwongo kama yeye. Yale majivu meusi yalikuwa yananikera mimi mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mama yetu alipotoa vyungu motoni alikuwa anavunja kimoja na kuangalia katikati ya kigae. Akiona mstari mweusi, anasema havijaiva, na vyote vinarudi motoni. Nimelelewa hivyo. Jicho langu likiona weusi kwenye kitu kilichotoka motoni, mkono unatafuta kuni wenyewe, hauniulizi. Kwa hiyo Fulgence alipoondoka nilikwenda Lipangalala kwa mhunzi nikaazima mvukuto.

Tukachimba shimo kama la vyungu, tukapanga mkaa, tukamwaga majivu juu yake, tukapuliza mchana kutwa kwa zamu. Yalipowaka mpaka huwezi kuyatazama, nikasema sasa yameiva. Yalitoka magunia kumi na moja, meupe, wenzangu wakapiga vigelegele, na Bwana Fulgence akanishika mkono mbele za watu. Viktor alichukua kidogo akayasugua kati ya vidole. "Dada," akasema, "haya yamekuwa ya chengachenga. Yale ya kwanza yalikuwa yananata." Nikamwambia kama anajua moto kuliko binti wa mfinyanzi, aje apulize yeye. Akaenda zake.

Nilimsimulia mwalimu yote hayo nikiwa nimesimama, na sauti ilikuwa inanipungua kadiri nilivyoendelea.

"Mpunga unanyonya kitu kutoka ardhini," Mwalimu Ngusa akasema. "Kinaitwa silika. Ni oksidi, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mchanga, lakini ndani ya pumba inakaa kwa chembe ndogo mno. Darubini hii ya shule haiwezi kuziona, hata ukiangalia mpaka jicho litoke. Ukichoma kwa moto wa polepole, pumba inaondoka na chembe zinabaki ndogo vile vile, kila moja peke yake. Chembe ndogo namna hiyo ina njaa. Ikikutana na chokaa na maji, inaikamata haiachii. Ule weusi ni mkaa kidogo tu uliobaki. Hauna neno."

"Na moto ukizidi?"

"Ukizidi, chembe zinaanza kusogeleana. Zinashikana, kubwa inameza ndogo, zinakua, zinajipanga zinakuwa vijiwe. Kama sukari uliyoisahau kwenye unyevunyevu ukakuta mabonge. Na zikipoa hazirudi kuwa kama mwanzo. Unabaki na mchanga mweupe, umeshiba, hautaki chokaa ya mtu."

"Lakini vyungu, mwalimu! Vyungu bila moto mkali ni tope tu!"

"Kweli kabisa. Kwenye chungu unataka chembe za udongo zishikane humo humo motoni, ndipo kinakuwa kigumu. Mama yako hakukosea. Kwenye majivu unataka zitoke motoni kabla hazijashikana, zikashikane na chokaa ukutani. Mama yako hakuwahi kujenga tangi."

Nilitaka kumpiga kofi. Hakuwa amenikosea kitu, ila ndiye aliyekuwa karibu.

"Kuna majivu meusi yaliyobaki?" akauliza. "Tukiyapata tutaonyesha tofauti."

"Hakuna. Magunia matatu ya mwisho sikuyarudisha motoni, nilimwambia Viktor akayatupe, na yeye..." Nikajishika kichwa. "Yesu na Maria. Bafu langu!"

Viktor hakuyatupa. Alichukua ile mifuko mitupu ya chokaa, akaikung'uta mmoja mmoja, akapata nusu debe, akachanganya na yale majivu meusi, akanisakafia bafu la uani. Aliniambia ni kwa ajili ya magoti yangu, nisiteleze kwenye tope. Miezi minne nilikuwa naoga pale. Kila asubuhi namwaga ndoo mbili za maji, na sikuwahi kuona ufa.

Tulikwenda na mwalimu moja kwa moja. Alipiga nyundo mara nne ndipo kona ikatoa kipande. Akakiangalia, akanipa nikishike. Nilikaa pale pale bafuni, kanga ikalowa, nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia Fulgence, nikaukasirikia mvukuto, nikamkasirikia mama aliyelala kaburini bila kosa. Nikaikasirikia hii mikono yangu. Mdogo wangu yuko stoo kwa sababu yangu, na alipotaka kuniambia dirishani nilimfunga mdomo.

Theodosia hajawahi kuweka siri, hata akilipwa. Alhamisi mchana Bwana Fulgence alikuwa kwangu, amekalia kiti changu.

"Mama Kandida, nimesikia mwalimu amepima. Tusiharibiane. Ukisimama kesho ukasema majivu yalikuwa mabaya, kikundi chako kimekwisha. Kuna matangi matatu yanakuja, mpaka Masagati. Wanawake sita wanakutegemea. Lakini Viktor akikubali kwamba alikosea vipimo, alikosea tu, hakuiba, mimi nitamwombea aachiwe. Hatajengea mradi tena, basi. Bado kijana yule, atapata kazi nyingine."

"Na ile 'nataka majivu meupe'?"

"Ipi? Kuna mahali nimeandika?"

Sitawadanganya, nilifikiri. Haikuwa kwa muda mrefu, lakini nilifikiri. Niliwafikiria wenzangu na mikono yao iliyobabuka kwa ajili ya kazi ile. Na nilijua Viktor angekubali. Angesema ndiyo, nilikosea, angetoka, angeniuliza kama nimekula, na angeishi siku zake zote bonde hili watu wakimwita fundi wa chokaa ya wizi. Kule kujua kwamba angekubali ndiko kulikonitia wazimu.

"Toka," nikamwambia. "Toka kabla sijakumwagia hii ndoo, na humu hamna maji safi."

Alitoka na faili kichwani.

Mkutano wa Ijumaa ulijaa mpaka nje ya banda. Mwalimu Ngusa alikuja na ndoo ya maji, ndani yake vile vipande viwili, cha tangi na cha bafuni, vimelowekwa tangu Jumatano. Alikuwa amevifunga kamba ili visichanganyike. Viktor aliletwa na mgambo, ndevu zimeota, shati lile lile la Jumatatu. Mwenyekiti akamwuliza kama ameuza chokaa.

"Sijauza."

"Basi tangi limepasuka kwa nini? Wewe ndiye fundi."

Viktor aliniangalia. Aliniangalia mimi tu katika watu wote wale, halafu akaangalia miguu yake.

"Sijui," akasema.

Alijua! Siku tano na panya kwenye stoo, gari la kumpeleka mahakamani liko pale nje linapashwa moto, na bado anasema hajui. Nilisimama, na benchi nililokuwa nimekalia likaanguka na watu wawili.

"Mwenyekiti, anajua! Anajua vizuri sana, ila ni mpumbavu!"

"Mama Kandida, subiri zamu..."

"Zamu ndiyo hii!" Nikatumbukiza mkono kwenye ndoo. "Hiki ni cha tangi lenu." Nikakikamua, kikachuruzika kati ya vidole mpaka kwenye kiwiko. "Na hiki ni cha bafuni kwangu. Bwana Fulgence, wewe mwenye nguvu, naomba ukivunje."

Hakukigusa. Mgambo mmoja akajitia ubingwa, akakikanyaga kwa kisigino cha buti, akaruka na mguu mmoja. Watu wakaangua kicheko.

"Ngoja," Fulgence akasema, na kicheko kikakatika. "Chokaa ya bafuni kwako ilitoka wapi? Si ya mradi hiyo?"

"Ilitoka kwenye mifuko mitupu uliyosema tuichome moto. Nusu debe la kukung'uta. Kama huo ni wizi nifungeni mimi, ndiye ninayeoga pale." Nikageuka kwa watu. "Chokaa ni ile ile. Fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni majivu. Ya bafuni yalibaki meusi. Ya tangi niliyarudisha motoni nikayapuliza mpaka yakafa, kwa sababu Bwana Fulgence aliyataka meupe, na mimi niliyataka meupe kuliko yeye. Tulifundishwa tusichochee, tukachochea. Viktor aliniambia hayafai, nikamfukuza. Aliyevunja tangi lenu ni mimi, Klementina. Mfungulieni."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye kiwiko changu. Mwalimu Ngusa akasimama akaeleza ya chembe, kwa utaratibu wake, na mwenyekiti akamwuliza Fulgence kama kweli aliagiza majivu meupe. Akasema hakumbuki. Mpaka leo hakumbuki. Nikikutana naye Kibaoni ananisalimia vizuri kabisa, na mimi simwitikii.

Viktor aliachiwa hapo hapo. Matangi matatu tulinyang'anywa, na hilo moja tukaambiwa tulichomee majivu upya sisi wenyewe, yapimwe kwanza na mwalimu. Wenzangu wanne hawakurudi tena uani kwangu, wala siwalaumu. Theodosia alirudi. Viktor alipotoka bandani alipita karibu yangu, karibu hata nikasikia harufu ya stoo kwenye shati lake, akaendelea na njia. Hakuniuliza kama nimekula.

Nilivumilia siku tisa. Ya kumi nikapika wali na samaki, nikabeba, nikaenda kwake. Nilimkuta ananoa mwiko wake wa ujenzi kwenye jiwe.

"Tangi linataka fundi," nikamwambia.

Akaendelea kunoa.

"Viktor, nimekosa. Nisamehe. Unataka nipige magoti?"

"Sitaki magoti." Aliweka mwiko chini. "Siku zile kwenye stoo nilikuwa natafuta neno la kukuambia, ambalo ungelisikia mpaka mwisho. Siku tano, dada. Sikulipata."

Nilikaa chini nikamfunulia sahani. Alikula nusu, akanisogezea iliyobaki, akachukua tena mwiko wake.

"Kachome," akasema. "Polepole. Yakitoka meusi niite."

Kesho yake nilijaza tenga pumba mpaka juu, nikawasha kwa juu kama tulivyofundishwa. Moto ukashika kidogo, ukazubaa, moshi ukaanza kwenda kivivu vile, vile ninavyouchukia. Theodosia alinivutia kigoda akakiweka mbali, hatua kumi. Nikakaa. Kijiti kilikuwa pale pale karibu na tenga, kirefu, kizuri, na mkono wa kulia ukaniwasha kwenda kuchochea. Nikaukalia.